Theluji Haisukumwi kwa Nguvu za Farasi

Trekta la bustani hukata nyasi wakati wa kiangazi. Baridi ikiingia, hufungwa bamba la chuma mbele na kusukuma theluji kutoka kwenye njia ya kuingilia magari. Katika majimbo ya Marekani kama Wisconsin, Michigan, Minnesota na New York, kazi hii ya pili ni ya kawaida kama ile ya kwanza. Kuhusu namna ya kuliandaa trekta hilo, fikra moja imetawala madukani na mitaani: tafuta injini yenye nguvu nyingi za farasi, funga bamba pana kuliko yote yanayopatikana, kisha subiri theluji ianguke. Fikra hiyo imekosea, na kosa lake lina gharama. Inatanguliza kitu ambacho karibu kila trekta tayari linacho cha kutosha, na inayasahau yale manne yanayoamua kama theluji itaondoka au trekta litabaki likizungusha magurudumu mahali pamoja: uzito juu ya magurudumu ya nyuma, mshiko wa matairi, uimara wa giaboksi, na upana na pembe ya bamba.

Chanzo cha kosa ni nyasi. Visu vya kukatia nyasi huzungushwa na injini moja kwa moja kupitia mkanda, na kadiri eneo la kukata linavyopanuka au nyasi zinavyorefuka, ndivyo visu vinavyodai nguvu zaidi. Mnunuzi aliyezoea kazi hiyo ana haki ya kutazama namba iliyobandikwa kwenye boneti. Mashine ya kurusha theluji nayo inafuata kanuni hiyohiyo, kwa sababu parafujo na feni yake hula nguvu za injini katika kila mzunguko. Bamba halimo katika kundi hilo. Halina kinachozunguka, wala halichukui chochote kutoka kwa injini. Linasukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, kwa hiyo nguvu yote ya injini, iwe ndogo au kubwa, lazima ipite katika vipande viwili vidogo vya mpira vinavyogusa ardhi yenye theluji. Vipande hivyo vikishindwa kushika, kilichobaki ndani ya injini hakina kazi.

Hesabu inathibitisha jambo hili kuliko maneno. Chukua trekta ambalo, pamoja na dereva wake, linaweka kilo 200 juu ya magurudumu ya nyuma. Mpira wa kawaida juu ya theluji iliyoshindiliwa hushika kwa takriban moja ya tano ya uzito ulio juu yake, na juu ya barafu mshiko huo unaweza kushuka hadi moja ya kumi. Trekta hilo basi linaweza kusukuma kwa msukumo wa kama kilo 40, halafu matairi yanaanza kuteleza. Likienda mita 1 kwa sekunde, yaani kilomita 3.6 kwa saa, msukumo huo unahitaji wati 400 hivi, ambazo hazizidi sana nusu ya nguvu moja ya farasi. Sasa liongezewe uzito hadi kilo 315 nyuma na lifungwe minyororo, na mshiko ukadiriwe kuwa maradufu. Msukumo unapanda hadi kilo 126, yaani zaidi ya mara tatu, na bado nguvu inayotakiwa kwenye magurudumu haifiki mbili za farasi. Hata zikiongezwa nguvu zinazopotea ndani ya giaboksi na zile za kulisogeza trekta lenyewe ndani ya theluji, jumla itakuwa nne au tano. Injini ya nguvu 18 ina akiba isiyoweza kutumika, na ya nguvu 24 ina akiba kubwa zaidi ya kitu hichohicho kisichotumika.

Historia ya mashine hizi inasema vilevile. Cub Cadet ya kwanza, iliyotolewa na International Harvester mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa na injini ya Kohler ya nguvu 7 tu. John Deere ilipoingia katika soko hilo mwaka 1963 kwa trekta lake la 110, lililotengenezwa Horicon, Wisconsin, injini yake nayo ilikuwa ndogo kwa kipimo cha leo. Wheel Horse za South Bend, Indiana, zilijijengea jina kwa giaboksi za chuma cha kutupwa zilizodumu miongo mingi. Mashine za kizazi hicho zilisukuma theluji, na nyingine zinaendelea kusukuma hadi leo, kwa sababu zilikuwa na fremu nzito na gia nene. Trekta jepesi la kukatia nyasi linalouzwa leo katika maduka makubwa lina injini yenye nguvu mara mbili au tatu ya hizo, lakini fremu yake ni bati lililokunjwa na giaboksi yake ni ndogo. Kwa namba ya kwenye boneti limezishinda mashine za kale, ila theluji haisomi boneti. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kwa hiyo maandalizi yanaanza kwa kuchagua mashine, na tofauti ya kuzingatia ni ile iliyopo kati ya trekta jepesi la kukatia nyasi na trekta la bustani hasa. Yote mawili yanafanana kwa nje. Trekta la bustani lina fremu ya chuma kinene, ekseli nene na magurudumu makubwa ya nyuma, kwa kawaida yenye rimu ya inchi 12, tena limekusudiwa tangu mwanzo kuvuta na kusukuma. Trekta jepesi limekusudiwa kujibeba lenyewe, dereva wake na visu vyake. Mengi ya aina hiyo hutumia giaboksi ya haidrostatiki, inayoendeshwa kwa oili yenye shinikizo, na zile ndogo hufungwa kiwandani bila njia rahisi ya kubadilishia oili. Zikisukuma mzigo mzito kwa muda mrefu hupata joto, oili huwa nyepesi, na trekta huanza kulegea, hasa kwenye mwinuko.

Hapa wapo wanaojibu kwamba ikiwa uzito ndio siri, basi trekta lolote likiongezewa uzito litafaa. Jibu hilo linachukua nusu ya hoja na kuiacha nusu yenye hatari. Tairi linaloteleza ni fyuzi: mzigo ukizidi, mpira unaachia kabla meno ya gia hayajavunjika. Anayefunga minyororo na kuongeza kilo 100 nyuma ameiondoa fyuzi hiyo, na mzigo wote sasa unakwenda kwenye gia, shafti na pampu. Giaboksi iliyojengwa kwa kazi hiyo itavumilia, lakini ile ya kukatia nyasi itakufa mapema. Mwenye trekta jepesi anaweza kulitumia kwa theluji kidogo juu ya njia tambarare, akiwa na minyororo na bamba jembamba, akisukuma mara nyingi na kidogo kidogo. Asilipe uzito wa trekta la bustani akitumaini kwamba litageuka kuwa hilo.

Mashine ikishapatikana, visu na bati lake vinaondolewa. Hatua hii inafungua nafasi chini ya trekta kwa fremu ya bamba, na inazuia bati lisijae theluji na kuganda. Fremu ya bamba nayo inastahili kuangaliwa. Zilizo bora hupita chini ya trekta hadi karibu na ekseli ya nyuma, hivyo bamba likigonga ukingo wa saruji pigo linafika mahali penye chuma kinene. Zile zinazoning'inia kwenye pua ya fremu peke yake hupeleka pigo hilo mahali dhaifu, na anayechomelea fremu yake mwenyewe gerejini anapaswa kukumbuka hilo kabla ya kuwasha mashine ya kulehemu.

Uzito unaongezwa kwa njia tatu, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni vyuma vya duara vinavyofungwa kwa bolti kwenye rimu, ambavyo aina ya kawaida ina kilo 23 kila kimoja. Ya pili ni kujaza matairi kimiminika. Maji matupu hayafai kwa kuwa yataganda, kwa hiyo hutumika maji ya kuoshea vioo vya magari yaliyotengenezwa kuhimili baridi kali, au utomvu wa viazisukari ambao lita yake ina uzito wa karibu kilo 1.3, au myeyusho wa kloridi ya kalisi. Huo wa mwisho ni mzito na wa bei nafuu, lakini ukivuja unakula rimu, kwa hiyo unadai tyubu. Tairi hujazwa hadi usawa wa valvu ikiwa juu, kiasi cha robo tatu, ili hewa ibaki ya kunesa. Tairi pana la trekta la bustani humeza lita 30 na ushei, na mawili kwa pamoja huleta kilo 60 au zaidi, kulingana na kimiminika, bila kuchukua nafasi yoyote. Uzito wa njia hizi mbili unakaa ndani ya gurudumu lenyewe, hivyo hauilemei ekseli.

Njia ya tatu ni kuning'iniza uzito nyuma ya trekta. Hapa nyenzo inasaidia: kilo 45 zikikaa nusu mita nyuma ya ekseli, kwenye trekta ambalo umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 1.2, huongeza kilo 64 hivi juu ya magurudumu ya nyuma, kwa kuwa zinapunguza kilo 19 kutoka mbele. Faida hiyo inarekebisha kasoro ya bamba. Bamba na fremu yake vikiwa na kilo 50, vikiinuliwa na kuning'inia sentimita 60 mbele ya ekseli ya mbele, vinayanyang'anya magurudumu ya nyuma kilo 25 za mshiko, hasa wakati trekta linaporudi nyuma kupanda mwinuko. Ila uzito huo wa nyuma unabebwa na ekseli, na unayafanya magurudumu ya mbele kuwa mepesi kwa usukani. Kwa sababu hiyo vyuma vya rimu na kimiminika vinatangulia, na uzito wa nyuma unafuata kwa kiasi.

Kuhusu matairi kuna imani nyingine inayofaa kubomolewa, kwamba matairi ya shambani yenye meno marefu ndiyo bora kwa theluji. Meno hayo yaliumbwa kuuma udongo laini. Juu ya lami au saruji yenye theluji iliyoshindiliwa, kinachogusa chini ni vichwa vya meno tu, na eneo la mpira linakuwa dogo kuliko la tairi la kawaida la nyasi. Zaidi ya hapo, vipande vya mnyororo vinavyokatiza tairi huzama kati ya meno na kukosa kuuma. Kwa kazi ya nyumbani, tairi la nyasi lenye mnyororo wa vipande vilivyokaribiana linafanya vizuri. Mnyororo ukazwe, trekta liendeshwe kidogo, kisha ukazwe tena, na nafasi kati yake na fremu au bati la matope ipimwe kabla ya kuendesha. Pasipokuwa na nafasi, vipanulio vya rimu vinahitajika. Mnyororo wa chuma huchubua saruji na matofali, nao haupunguzi haja ya uzito: uzito ndio unaoukandamiza ili ushike.

Difu ni jambo linalosahaulika zaidi. Difu ya kawaida hulipa gurudumu lenye mshiko mdogo nafasi ya kuzunguka bure huku lenzake limesimama, hivyo gurudumu moja likikanyaga barafu, trekta zima linakwama. Matrekta mengi mazito ya bustani yana kanyagio la kufungia difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Kanyagio hilo lina thamani kubwa kuliko nguvu sita za ziada kwenye injini, na mnunuzi anayechagua kati ya mashine mbili angefaa kuuliza habari zake kwanza. Litumike trekta likienda moja kwa moja tu, kwani kukata kona difu ikiwa imefungwa kunaitesa ekseli.

Sehemu ya pili ya fikra inayopingwa ni bamba pana. Mabamba ya kawaida yana upana wa inchi 42, 48 au 54, yaani takriban mita 1.07, 1.22 na 1.37. Theluji ikiwa na kina cha sentimita 15, bamba la inchi 42 likisukuma moja kwa moja kwa mita 10 hukusanya karibu mita 1.6 za ujazo, na lile la inchi 54 zaidi ya mita 2. Kwa theluji kavu iliyotoka kuanguka, yenye kilo 100 kwa mita ya ujazo, hizo ni kilo 160 dhidi ya 206. Ikiwa theluji imelowa na kufikia kilo 300 kwa mita ya ujazo, ni kilo 480 dhidi ya zaidi ya 600. Trekta lenye mshiko ule ule limeongezewa mzigo kwa zaidi ya robo, nalo litasimama mapema zaidi.

Upana una kikomo kimoja tu cha chini, nacho kinatokana na pembe. Bamba hukunjwa upande ili theluji imwagike kando badala ya kurundikana mbele. Likikunjwa kwa nyuzi 30, lile la mita 1.22 husafisha mita 1.06 tu, na njia hiyo lazima iwe pana kuliko nafasi ya magurudumu na minyororo yake, la sivyo matairi yatakanyaga na kushindilia theluji ambayo bamba limeiacha. Upana unaopita kipimo hicho unatosha, na kuongeza zaidi ni kuongeza mzigo. Bamba lililokunjwa pia husukuma pua ya trekta upande wa pili, hivyo magurudumu ya mbele yanaweza kuhitaji matairi yenye mbavu, uzito kidogo, au minyororo yao.

Vipo vitu vidogo vya bamba ambavyo wenye haraka huviruka. Springi zinazoliruhusu bamba kuinama mbele likigonga kizuizi ndizo zinazookoa fremu na mbavu za dereva, hivyo hazifai kukazwa mpaka zisifanye kazi. Ukingo wa chini uwe wa kubadilishwa, wa chuma kwa lami na wa mpira kwa sehemu zinazochubuka. Viatu vya pembeni huliinua bamba sentimita 2 au 3 juu ya njia ya kokoto, na theluji ya kwanza ya msimu juu ya kokoto ni bora ishindiliwe igande, iwe sakafu ya zile zitakazofuata. Uso wa bamba ukipakwa rangi laini au nta, theluji iliyolowa haigandi juu yake. Wenzo wa kuinulia uliache bamba lifuate ardhi lenyewe, lisining'inie wala kukandamizwa.

Je, injini haina umuhimu? Inao, lakini si ule unaotangazwa. Katika baridi swali ni kama itawaka. Oili ya SAE 30 ya kiangazi huwa nzito chini ya nyuzi joto 4 na kuufanya mzunguko wa kuwashia uwe mgumu, kwa hiyo hubadilishwa na 5W-30. Betri ya risasi katika nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa karibu nusu tu ya nguvu yake, na isiyo na chaji inaweza kuganda na kupasuka, hivyo ifungwe chaja ndogo ya kudumu au ihifadhiwe mahali penye joto. Petroli iliyokaa tangu kiangazi iondolewe au itiwe dawa ya kuihifadhi. Hewa yenye unyevu karibu na nyuzi sifuri huweza kugandisha barafu ndani ya kabureta na kuizima injini katikati ya kazi, na watengenezaji wa injini nyingine hutoa kifuniko maalumu cha kuelekeza hewa ya joto huko. Kuziba njia ya hewa ya kupooza injini si badala yake. Giaboksi ya haidrostatiki ipewe dakika chache izunguke bila mzigo, nje, kwa sababu moshi wa injini katika gereji iliyofungwa unaua.

Watetezi wa nguvu za farasi wana hoja moja yenye uzito halisi. Bamba halirushi theluji, linaisogeza tu, na mahali ambapo theluji ni nyingi kingo hujaa. Kwenye rasi ya Keweenaw huko Michigan, ambako msimu wa 1978–79 ulileta inchi 390.4, au katika vitongoji vya Buffalo ambako Orchard Park ilipokea inchi 80 katika dhoruba ya Novemba 2022, mashine ya kurusha theluji haina mpinzani, na mashine hiyo inahitaji injini yenye nguvu. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba kifaa kingine kinadai mahitaji mengine. Haithibitishi kwamba bamba linadai nguvu za farasi. Kwa maeneo mengi ambako dhoruba moja huleta sentimita 10 hadi 20, bamba lililoandaliwa vizuri humaliza kazi mapema, halina mkanda wa kukatika wala parafujo ya kukwama kwa jiwe.

Hata kikomo hicho cha bamba husogezwa mbali kwa utaratibu wa kazi. Vijiti vya alama huchomekwa kando ya njia kabla ardhi haijaganda. Theluji ya kwanza husukumwa mbali kabisa, mita moja au zaidi kupita ukingo, maana rundo la Novemba likiganda ndilo litakalokuwa ukuta wa Januari. Dhoruba ndefu husukumwa kila sentimita 8 au 10 zinapoanguka, badala ya kungoja zote. Sheria nazo zinabana. Minnesota inakataza kusukuma theluji barabarani, na jiji la Minneapolis linampa mwenye nyumba ya familia moja saa 24 baada ya theluji kukoma awe amesafisha njia ya waenda kwa miguu. Wakenya na Watanzania walio na nyumba huko wanabanwa na saa hizo sawa na majirani zao, na trekta linaloteleza, hata liwe na nguvu 24, haliongezi saa ya 25.

Fedha ya maandalizi, kwa hiyo, ina mpangilio wake: kwanza mashine yenye fremu na giaboksi imara, hata ikiwa kuukuu, pili minyororo na uzito wa magurudumu ya nyuma, tatu bamba la upana wa kadiri lenye springi na ukingo mzuri, nne betri, oili na petroli ya msimu. Nguvu za farasi zinaingia baada ya hayo yote, na kwa kazi ya bamba, mara nyingi haibaki sababu ya kuzinunua.